Siku Chiriku Alipomlaza Shangazi Yake

Kupiga hakufundishwi. Mtoto wa chekechea anajua kupiga, mlevi anajua kupiga, hata wifi yangu, ambaye sijawahi kumwona akiinua kitu kizito kuliko sufuria, anajua kupiga, na kandambili yake naifahamu vizuri. Kinachofundishwa katika mieleka ya ulingoni ni kuanguka. Kidevu kifuani, pumzi nje, mikono yote miwili ipige turubai kabla mgongo haujafika. Ukichanganya mpangilio huo siku moja tu, chakula utanyweshwa kwa mrija.

Mtoto wa kaka yangu nilimfundishia kuanguka katika ghala la kiwanda cha magodoro. Mchana nilikuwa nashona vitambaa vya kufunikia magodoro pale kiwandani, na mlinzi wa ghala alikuwa shabiki wangu, kwa hiyo tukitoka kazini alitufungulia. Kulikuwa na lundo la magodoro mabovu, mengine yamekatwa upande, mengine yana mashimo, yote yananuka gundi mpaka macho yanawasha. Tukayapanga sakafuni. Nikamsimamisha juu ya meza ya kukatia, mgongo kwa magodoro, nikamwambia ajiachie.

"Utanidaka, Shangazi?"

"Nikudake nina kazi gani? Hayo yote yaliyopangwa hapo ni mapambo?"

Akajiachia. Alianguka vibaya, miguu juu, sketi kichwani, nikasikia meno yanagongana. Nikasema basi, huyu naye anakwenda kwao. Wengi wakishaanguka mara ya kwanza wanakumbuka ghafla kwamba wana nguo za kufua. Yeye akainuka anacheka, akapanda tena mezani bila kuambiwa. Nilifurahi, lakini sikumwonyesha, maana nilikuwa nimeshamjua: ukimsifu kidogo anavimba kichwa.

Alikuwa ametoka tu shuleni, mrefu, mwembamba, ana mdomo usiopumzika. Anaongea akila, anaongea akifunga viatu, anaongea akiwa hewani. Ndiyo maana tulimwita Chiriku, na jina hilo ndilo lililomfikisha hadi kwenye televisheni. La kwao hata mimi siku hizi nalikumbuka kwa shida.

Mimi nilikuwa Mama Balaa. Nilijipaka masizi usoni, nikavaa gauni jeusi lililochanika, nikaingia ulingoni nikitukana mstari wa mbele. Katika mieleka yetu lazima awepo mwema na awepo mbaya, na mimi nilikuwa mbaya, tena mbaya kwelikweli. Nilivuta nywele. Nilitia watu vidole machoni Refa akigeuka. Kuna mama muuza nyanya pale sokoni aliyeninyima nyanya mbele za watu, akasema hauzii shetani, aende akale mawe. Nilirudi nyumbani mikono mitupu na moyo umejaa. Sikiliza, hakuna sifa kubwa kuliko ile.

Na msidhani mbaya ana kazi ndogo. Mbaya ndiye anayeendesha pambano zima. Mwema anapigiwa makofi, lakini anayemnong'oneza sasa anguka, sasa inuka, sasa nirukie, ni mbaya. Nilikuwa nimemshika Chiriku kabali, watu wanalia wakidhani namuua, kumbe namwambia, "Pumua, mama, pumua, bega lako lishushe, hivyohivyo."

Kitu kimoja hakikuwa na mzaha: uso. Ukishaingia kazini kama mbaya, wewe ni mbaya mpaka nyumbani kwako, ufunge mlango, ushushe pazia. Mwalimu wangu aliyenifundisha kazi alivunjika mguu ulingoni, akabebwa mpaka hospitali akiwatukana wauguzi njia nzima, maana huwezi kujua yupi kati yao alikata tiketi. Kuvua uso mbele ya watazamaji lilikuwa kosa baya kuliko kuchelewa, kuliko kulewa, kuliko hata kumuumiza mwenzako. Kwa hiyo mimi na mtoto wa kaka yangu hatukuonekana pamoja. Kwao ni upande mmoja wa mji, kwangu ni upande mwingine, kwenye nyumba za kiwanda. Akija kwangu anapitia mlango wa nyuma. Harusi ya binamu yake alikwenda yeye, mimi nikala wali wangu uliofichwa kwenye bakuli siku ya pili yake. Msiba wa mjomba wake nikaenda mimi, yeye akalia nyumbani peke yake.

Kaka yangu ni fundi viatu, mtu wa maneno machache. Nilipokwenda kumwomba binti yake aingie kazini, alimtazama miguu, akachukua kipande cha ngozi, akaanza kupima. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Wifi yangu ndiye aliyenikalia kooni.

"Wifi, wewe mwili wako umeuzoesha vurugu, sawa. Huyu ni wa kwangu wa pekee. Akivunjika hata ukucha, usikanyage hapa."

"Ukucha nao unavunjika kwa kuosha vyombo, wifi. Mbona hukatazi vyombo?"

"Usinichekeshe wakati nimekasirika."

Akacheka hivyohivyo amekasirika, na binti akawa amepita.

Jamani, ile miaka. Kikundi chetu kilisafiri kwenye lori la mbao, ulingo umefunguliwa vipandevipande, wenzangu wamekaa juu ya turubai. Tukifika mji fulani tunashusha wenyewe: mbao chini, juu yake matairi, juu tena mbao, kisha magodoro membamba ya kiwandani kwetu, kisha turubai, tunavuta kamba mpaka viganja vinachubuka. Jioni inapoanza watu wamejaa. Mimi nalazimika kupanda mbele na dereva, Chiriku nyuma na wengine, tusije tukaonwa. Kuna kidirisha kidogo nyuma ya dereva. Chiriku alikuwa anaweka mdomo pale na kuniongelesha safari nzima, dereva anacheka mpaka anapunguza mwendo. Viatu alivyoshonewa na baba yake alivipakata mapajani, hakutaka vishike vumbi. Nikiambiwa leo nichague kitu kimoja nirudishiwe, nitachagua lile lori na kile kidirisha, na sitaki kubishana na mtu.

Mwanzo hakuwa lolote. Alikuwa anaruka vizuri, lakini watu hawakumwona. Wanapiga makofi ya heshima, kama ya mahafali. Akakaza. Akajifunza kupanda kona ya ulingo na kuruka kutoka kamba ya juu, mikono wazi, nami kazi yangu nikiwa nimelala chini ni kumpokea kifuani bila watu kujua nampokea. Tukishaanguka pamoja, kuna ishara. Unabonyeza kiganja cha mwenzako. Akikubonyeza na yeye, mzima, mnaendelea. Asipobonyeza, kuna jambo. Ulingoni macho yanadanganya, kelele zinadanganya, kilio kinadanganya. Kiganja tu ndicho hakidanganyi.

Basi ukumbi wetu wa nyumbani, ule wa reli, ukauzwa. Mwenye kuununua alitaka kuweka duka la samani. Kikundi kikawa hakina pa kukaa, na kila mmoja alijua tunasambaratika. Mimi sikuogopa, nilikuwa na cherehani yangu. Niliogopa kwa ajili yake. Hakuwa na kingine. Alishaanza kuuliza kama kiwandani wanaajiri, na kila akiuliza nabadilisha mazungumzo, maana mimi nilishona magodoro ili nipate kupigana, yeye atashona ili apate nini?

Wiki ya mwisho ya ukumbi ikaletwa habari: mtu wa televisheni anakuja Jumamosi. Walikuwa wanaanzisha mashindano makubwa, wanatafuta mwanamke mmoja. Mmoja tu. Chiriku alipoambiwa akanyamaza, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona amenyamaza akiwa macho.

Yule mgeni alikuja mchana na gazeti lake. Nilimpitia nyuma ya pazia nikamsikia akimwambia Refa, ambaye siku za kawaida alikuwa kinyozi, "Wasichana wazuri wanaoruka ninao wa kutosha. Nitatazama, lakini msijipe matumaini." Sikumwambia Chiriku. Nilimfunga kamba za viatu, nikamwambia, "Leo nitakutesa mpaka mawe yakuonee huruma, halafu uruke, unilaze, mabega yangu yote mawili chini, Refa ahesabu tatu, basi." Akaitikia kwa kichwa.

Na nilimtesa. Nilimburuta kwa nywele pande zote za ulingo. Nilimkanyaga vidole. Ukumbi ulikuwa umejaa waliokuja kuuaga, wananitukana matusi ambayo mengine nilikuwa siyajui. Nikachungulia mstari wa mbele. Mgeni anasoma gazeti.

Ikafika saa ya kuruka. Nikajilaza, Chiriku akapanda kona. Sasa, mafundi wa yule mwenye duka walikuwa wameanza kubomoa nyuma ya jukwaa asubuhi ile, wakalegeza nguzo moja ya ulingo bila kutuambia. Alipojisukuma, kamba ya juu ikamkimbia miguuni. Akaja upandeupande. Nilijitupa kumfuata, sikumfikia. Akaangukia bega na shingo ukingoni mwa ulingo, pale penye mbao tupu, na mlio wake nausikia mpaka leo.

Nikatambaa, bado nimekunja uso wa Mama Balaa, nikafika, nikashika mkono wake nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, kwa nguvu. Mkono ulikuwa umelegea kama wa mtoto aliyelala. Nikabonyeza mara ya tatu nikimwomba Mungu, na mkono haukujibu.

Hapo nikasahau kila kitu. Nilisahau masizi, nikasahau mgeni, nikasahau mwalimu wangu na mguu wake. Nilipiga magoti nikamkumbatia kichwa, nikalia kwa sauti yangu mwenyewe. "Mwanangu. Mwanangu, amka. Jamani, leteni maji, huyu ni mtoto wa kaka yangu."

Ukumbi wote ukanyamaza. Kisha mama mmoja mstari wa mbele akaanza kulia. "Kumbe ni shangazi yake," akasema. "Maskini, kumbe anampenda." Wakaanza kulia na wengine. Mgeni alikuwa ameweka gazeti chini.

Ndipo nikasikia kwenye shingo yangu, "Shangazi, nipo. Mkono umekufa ganzi, sikuweza kubonyeza. Niko salama."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka kumbusu. Nilikuwa nimevua uso mbele ya ukumbi mzima, siku ya maisha yake, kwa sababu nilibonyeza mkono usiosikia. Nikamnong'oneza, "Nimeharibu, mwanangu. Nimekuharibia." Alikaa kimya kifuani kwangu, mtoto yule asiyenyamaza, na nikahisi anafikiri.

"Usiinuke," akasema.

Akanipiga kabali shingoni kwa mkono mzima, akanigeuza, akanikalia kifuani. Mimi niliyekuwa nalia juu yake sasa niko chini, na yeye juu, anawatazama watu. Refa amesimama mdomo wazi.

Ngoja nieleze vizuri nieleweke hapa. Katika kazi yetu, kumlaza mtu bila makubaliano ni wizi. Watu wametolewa meno kwa jambo hilo. Mimi nilikuwa na uzito karibu mara mbili yake, naye alikuwa na mkono mmoja. Kuinua bega ningeinua huku napiga miayo. Nikamtazama. Uso aliouelekeza kwa watu ulikuwa mkavu, wa dharau, lakini midomo ikaniambia bila sauti, "Niachie."

Nikaelewa anachoomba. Mtu aliyemlilia mtoto vile hawezi tena kuwa Mama Balaa. Nikilala pale, nimemaliza, na mbaya anakuwa yeye. Nikiinuka, yeye ndiye amemaliza, anarudi kuwa msichana mzuri anayeruka kama wengine. Nikabana mabega yangu yote mawili kwenye turubai.

"Hesabu, kinyozi wewe," nikamwambia Refa.

Akahesabu. Alipofika tatu ukumbi ulilipuka, lakini haukuwa na makofi hata moja. Walimzomea mtoto wangu mpaka mabati yakatikisika. Viatu vilirushwa. Mzee mmoja alirusha kofia yake kisha akaanza kuihangaikia. Naye Chiriku akasimama, mkono mmoja unaning'inia, akaweka kiatu cha baba yake juu ya tumbo langu, akainamisha kichwa kuwashukuru. Hilo sikumfundisha mimi.

Mgeni alikuja nyuma ya pazia anafuta macho. "Watu watatoka mbali kuja kumchukia huyu," akasema. Akamchukua.

Wifi yangu alipomwona binti yake na mkono umefungwa kitambaa, alinikimbiza na kandambili kuzunguka nyumba. Nilikimbia kwa heshima yake tu, maana hakuwa na mbio. Kisha akachoka, akakaa kizingitini, akauliza kama ni kweli mwanawe ataonekana kwenye televisheni.

Akaonekana. Akapanda. Alianza mapambano ya utangulizi, akaja ya katikati, mwisho ikawa picha yake ndiyo kubwa kwenye mabango: Chiriku, aliyemlaza shangazi yake. Alikuwa anawaongelesha watu kutoka ulingoni mpaka wanataka kupanda wamrarue, na ule mdomo tuliokuwa tunauomba upumzike ndio uliomjazia kumbi. Wateja wa kaka yangu walimwuliza amezaa nini. Akapiga misumari yake bila kujibu.

Mimi nilijaribu kurudi kwenye kikundi kingine. Haikuwezekana. Nilimvuta mtu nywele, ukumbi ukapiga makofi. Nikamtia kidole jichoni, wakasema mwacheni mama wa watu atoe uchungu wake. Yule muuza nyanya alikuwa ananichagulia zilizoiva vizuri na kuniongezea, ananishika mkono na kuniita mama mvumilivu. Nilitamani anitukane walau mara moja. Nikaacha, nikarudi kwenye cherehani moja kwa moja.

Na hatukuweza kuonana, ndiyo hivyo. Sasa alikuwa na mengi zaidi ya kupoteza. Alikuja kwangu mara chache, kajifunika mtandio mpaka puani, anakaa jikoni, anakula, anaongea, anaondoka kabla majirani hawajarudi kazini. Simu tulipigiana.

Mwaka alioshinda mkanda wa ubingwa, akanipigia. Sauti yake haikuwa ile ya kawaida.

"Shangazi, kesho wananihoji redioni. Nataka niseme ukweli. Nimechoka kukutukana mbele za watu. Nataka niseme nani alinifundisha."

Nilikaa chini. Sitawadanganya, nilitaka. Nilitaka sana. Miaka yote ile nimekaa na wanawake wa kushona wakiniona mtu aliyedhulumiwa, hakuna hata mmoja anayejua kwamba bingwa yule nilimtengeneza mimi, kwa mikono hii, katika ghala lilelile tunaloliona dirishani. Nani hapendi kutajwa?

"Jumamosi unapigana?" nikamwuliza.

"Natetea mkanda. Tiketi zimekwisha."

"Wamenunua kuja kukupenda? Basi usinitaje kwa wema. Ukinitaja kwa wema nakuja hapo redioni mwenyewe, na safari hii sitalala."

"Lakini, Shangazi…"

"Kalale. Na funga bega lako, baridi hii."

Kesho yake redio ilikuwa imewashwa kiwandani kama kawaida, cherehani zinalia, mimi kichwa chini. Mtangazaji akamsifu, akamwuliza hili na lile, yeye anamjibu ovyo kama anavyotakiwa. Kisha akamwuliza, "Na yule shangazi yako wa siku ile, unamkumbuka?"

Akachelewa kujibu. Nikasimamisha cherehani. Nilimjua pumzi zake, nikajua amefika ukingoni kabisa, neno liko mdomoni. Nikasema moyoni, usiseme, mwanangu. Na moyo huohuo ukasema, sema.

"Yule mama?" akasema. "Alikuwa mzito, amechoka, mtu wa kulialia. Mimi nilimsaidia kustaafu."

Hata mtangazaji alishindwa kucheka. Mmoja wa wenzangu akainuka akazima redio. Nikalaza kichwa juu ya kitambaa nikalia, kwa sababu ilikuwa imesemwa vizuri kuliko ambavyo ningeisema mimi siku zangu nzuri kabisa, na kwa sababu iliuma. Wakanizunguka, wakanipapasa mgongo, wakamlaani na kizazi chake. Niliwaacha wamlaani. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye dakika ile.

Nikainua uso, nikajifuta, nikasema, "Mimi yule simjui. Si mtoto wangu." Na wote wakaniamini.